Kioo cha mbele ya lenzi: filta ipi bado ina kazi?

Vaa miwani ya jua ya polaraizi, kisha tazama skrini ya kompyuta au ya simu huku ukilaza kichwa polepole upande mmoja, kama kuku anayemkagua mwewe angani. Kwenye skrini nyingi utafika mahali picha inafifia, na pengine inazimika kabisa. Skrini yenyewe haijazimwa. Aliyekaa kando yako anaiona vizuri tu. Mawimbi ya mwanga unaotoka humo yanatikisika kuelekea upande mmoja, na kioo cha miwani yako kilipolala kiliyafungia mlango.

Sasa fikiria kamera. Kihisi chake hupima wingi wa mwanga na rangi yake. Mawimbi yalikuwa yakitikisika upande gani, hakiandiki. Picha ikishapigwa, habari hiyo imekwenda, na programu ya kuhariri, hata ikiwa na akili bandia, haiwezi kuirudisha. Itakachofanya ni kubuni.

Nimeanzia hapo kwa sababu wanaoanza kupiga picha huniuliza swali lilelile: kama kila kitu kinarekebishwa kwenye kompyuta, filta za nini tena? Ni swali la haki, na jibu lake haliko sawa kwa filta zote. Filta ni kizuizi. Iwe ya bei ya kutupwa au ya bei ya kutisha, kazi yake ni kuzuia sehemu fulani ya mwanga isifike kwenye kihisi, haiongezi chochote. Basi mbele ya kila kioo nachojiuliza ni kama hicho kinachozuiwa ningeweza kukiondoa baadaye, nimekaa mezani. Kama ningeweza, kioo hicho ni mzigo mkobani.

Zile za rangi

Tazama picha nyingi za mandhari za karne ya 19: mbingu ni nyeupe tupu, kama karatasi. Mawingu yalikuwepo. Tatizo ni kemikali za wakati ule, zilizoona buluu kupita kiasi na nyekundu karibu hazikuiona kabisa, hata anga likaungua kabla ardhi haijaanza kuonekana. Katika miaka ya 1850, mpiga picha Mfaransa Gustave Le Gray alilizunguka tatizo hilo kwa kupiga negativu mbili, moja ya bahari na moja ya anga, kisha akaziunganisha kwenye chapa moja. Mkumbuke huyu, tutakutana naye tena.

Filamu zilipoanza kuona rangi zote, filta za rangi zikapata kazi. Kanuni yake ni nyepesi: kioo cha rangi hupitisha mwanga wa rangi yake na kuzuia wa rangi iliyo kinyume. Kwenye picha ya nyeusi na nyeupe, kioo chekundu huzuia buluu, kwa hiyo anga linakuwa jeusi na mawingu yanaruka mbele. Kioo cha njano hufanya hivyo kwa upole. Cha kijani hung'arisha majani. Kioo chekundu hichohicho kikiwekwa mbele ya uso wa mtu, midomo inapauka kama ya mgonjwa, ndiyo maana wapiga picha za watu walikiogopa. Namba za filta hizi ambazo bado zinatumika, kama 8 kwa njano, 21 kwa chungwa na 25 kwa nyekundu, zinaitwa za Wratten, kwa jina la Mwingereza Frederick Wratten ambaye kampuni yake ilinunuliwa na Kodak mwaka 1912.

Mfano unaotajwa kila mara ni wa mpiga picha Mmarekani Ansel Adams. Mwaka 1927, akiwa kijana, alipanda mlima huko Yosemite, Marekani, hadi mbele ya jabali la Half Dome akiwa amebakiwa na mabamba mawili ya kioo ya kupigia picha. La kwanza alilipiga kwa filta ya njano. Alipomaliza akatambua kwamba anga litatoka la kijivu, wakati yeye moyoni alikuwa ameliona jeusi. Bamba la mwisho akalipiga kwa filta nyekundu iliyokolea, namba 29, na jabali likatoka limesimama juu ya giza. Hakuwa na nafasi ya tatu, wala programu ya kumwokoa.

Sisi tunayo. Juu ya kihisi cha kamera ya kidijitali kuna filta ndogondogo, moja kwa kila nukta: nusu ni za kijani, robo nyekundu, robo buluu. Mpangilio huo ulibuniwa na Bryce Bayer wa Kodak, na hataza yake ni ya mwaka 1976. Maana yake, anayejisifu kwamba picha yake haikupitia filta yoyote amepiga kupitia mamilioni yake. Na kwa kuwa rangi tatu zimeandikwa kila moja peke yake, ukigeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe unaweza kuizima buluu mezani ukapata anga la Adams. Ukilikaza sana litatoka na chembechembe, lakini kazi inafanyika. Filta hizi zimestaafu kwa heshima, isipokuwa kwa wanaotumia filamu na kwa wachache wenye kamera za kidijitali zilizotengenezwa bila safu ya Bayer, kama Leica M Monochrom ya 2012. Kamera hiyo haioni rangi hata kidogo, kwa hiyo kazi ya kuchagua rangi inarudi mbele ya lenzi.

Zilizokufa kabisa ni filta za kusawazisha rangi ya mwanga. Filamu ya mchana ilitengenezwa kwa mwanga wa kelvini 5500 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga), na ukiipeleka chini ya taa za tungsteni za kelvini 3200 kila kitu kilitoka cha rangi ya chungwa, hadi ufunge kioo cha buluu cha 80A na kulipa karibu robo tatu ya mwanga wako wote. Leo unabonyeza mizani ya weupe kwenye kamera, nayo inasawazisha rangi, basi.

Ile ya kukinga

Kuna kioo kinachouzwa pamoja na karibu kila lenzi, tena muuzaji anakisifu kuliko lenzi yenyewe: filta ya UV. Zamani ilikuwa na maana, kwa sababu filamu iliiona mionzi ya urujuanimno na milima ya mbali ikapata ukungu wa buluu. Kihisi cha kidijitali kimewekewa tabaka za vioo zinazozuia mionzi hiyo, na lenzi nayo huizuia kwa sehemu. Kwa hiyo kioo hicho leo ni cha kukinga tu, na hapo wapiga picha hugombana kama mashabiki wa mpira.

Upande mmoja unasema: heri ivunjike filta kuliko lenzi. Hoja hiyo ina tundu. Kioo cha filta ni chembamba, kinapasuka kwa kishindo ambacho kioo kinene cha mbele ya lenzi kingekihimili, kwa hiyo filta iliyopasuka haithibitishi kwamba iliokoa kitu. Upande wa pili unasema kila kioo cha ziada ni dhambi. Nao wanazidisha, ila hesabu wanayo: uso mmoja wa kioo kisichopakwa utando wa kupunguza mng'ao huakisi kama asilimia 4 ya mwanga, na filta ina nyuso mbili. Mchana hutaona tofauti. Piga usiku kwenye taa za barabarani, ndipo utakapokuta mizimu ya taa ikielea upande wa pili wa picha, kila taa na pacha wake aliyepinduliwa.

Mimi hufunga kioo cha kukinga penye mchanga unaoruka au mate ya bahari, kwa kuwa chumvi na mchanga kweli vinaharibu. Siku nyingine naitegemea hudi, ile kofia ya mbele ya lenzi, ambayo hukinga lenzi isigongwe na wakati huohuo huzuia mwanga wa pembeni.

Polaraiza

Turudi kwenye miwani. Mwaka 1808 mwanafizikia Étienne-Louis Malus alikuwa Paris akichungulia kupitia fuwele ya kalsaiti, akatazama jua likiakisiwa na madirisha ya jumba la Luxembourg. Fuwele ile kwa kawaida huonyesha kila kitu mara mbili. Alipoizungusha, taswira moja ya jua ilififia, kisha nyingine. Akawa amegundua kwamba mwanga ukiakisiwa na kioo hupangika: mawimbi yaliyokuwa yakitikisika kila upande sasa yanatikisika zaidi upande mmoja. Miaka michache baadaye, mwaka 1815, David Brewster wa Uskoti alieleza ni katika pembe ipi jambo hilo linatimia kabisa. Kwa maji ni kama nyuzi 53 kutoka kwenye mstari wima, kwa kioo cha kawaida kama 56.

Hapo ndipo polaraiza inapofanyia kazi. Ni kioo kinachozunguka ndani ya pete yake. Unazungusha huku ukitazama, na mng'ao juu ya maji unayeyuka hadi unaona mawe na samaki chini. Lakini simama mahali panapofaa. Ukitazama maji wima kutoka juu ya daraja, zungusha mpaka mkono uchoke, hakutatokea kitu, kwa sababu mwakisiko wa wima haupangiki. Chuma kitupu nacho humshinda: mng'ao wa sufuria au bati haupangiki kama wa maji. Gari lililopakwa rangi ni habari nyingine, maana unachokiona king'aacho ni vanishi iliyo juu ya chuma.

Watu wengi hununua polaraiza kwa ajili ya anga la buluu, na anga kweli linakolea, ila si lote. Mwanga wa anga umepangika zaidi kwenye ukanda ulio nyuzi 90 kutoka lilipo jua. Fanya bastola kwa mkono: kidole cha shahada kielekeze jua, dole gumba lisimame wima, kisha zungusha kiwiko. Popote dole gumba linapoonyesha, hapo anga litakolea. Ukielekea jua au ukalipa mgongo, filta haina la kufanya. Na hatari iko kwenye lenzi pana, inayolimeza anga kubwa kwa pigo moja: sehemu moja inakolea, nyingine inabaki nyepesi, na picha inapata doa la buluu nzito katikati kama kitambaa kilichomwagikiwa wino.

Kwangu, mahali polaraiza inapolipa bei yake ni kwenye majani. Jani lina utando wa nta, na nta huakisi anga. Kijani unachokiona msituni baada ya mvua kimefunikwa na weupe ambao macho yameshauzoea. Zungusha kioo, weupe unatoka, na kijani cha chini yake kinajitokeza. Watu hudhani ni sawa na kuongeza ukolevu wa rangi kwenye kompyuta. Kompyuta inaukoleza hata ule weupe. Haina njia ya kujua chini yake kulikuwa na nini. Usoni pa mtu, kinyume chake, nenda polepole. Mng'ao kidogo wa ngozi ndio unaoupa uso umbo, na ukiufuta wote unabaki na sura ya karatasi.

Neno moja kuhusu jina. Polaraiza nyingi zinaandikwa "za duara", na wengi hudhani ni umbo la pete. Maana yake ni nyingine. Kioo cha kwanza huchuja mawimbi ya upande mmoja, kisha tabaka la nyuma huyafanya yazunguke kama parafujo. Hilo lilihitajika kwa kamera zenye kioo cha ndani kinachogawanya mwanga kwa ajili ya kupima na kulenga. Mawimbi ya upande mmoja tu yangekichanganya. Kamera zisizo na kioo hicho hazijali sana, lakini za duara ndizo zimejaa madukani. Kwa vyovyote utalipa stopu 1 hadi 2. Stopu, kwa asiyezoea, ni nusu: punguza stopu moja, mwanga unabaki nusu, punguza mbili, unabaki robo.

Miwani myeusi ya kamera

Kitu cha pili ambacho kompyuta hairudishi ni muda. Picha iliyopigwa kwa sehemu 1 ya 125 ya sekunde imeandika kipande hicho tu cha maporomoko, na matone yameganda hewani. Ukitaka maji yawe kama moshi, lazima kamera iyatazame kwa sekunde nzima au zaidi, na mchana kweupe sekunde nzima huifanya picha kuwa nyeupe pe. Unaweza kubana tundu la lenzi hadi f/22, lakini tundu likiwa dogo hivyo mwanga hutawanyika kingoni na ukali wa picha hupungua. Hapo ndipo inapokuja filta ya ND, kioo cha kijivu kisichopendelea rangi yoyote, kinachopunguza mwanga na basi.

Hesabu yake ni ya kuongeza maradufu. Kutoka sehemu 1 ya 125 hadi sekunde 1 ni hatua saba: 60, 30, 15, 8, 4, 2, 1. Kwa hiyo unahitaji stopu 7. Filta ya stopu 10 itakupeleka hadi sekunde 8, na mawimbi ya bahari yatakuwa ukungu.

Kinachowachanganya watu ni lebo, kwa sababu watengenezaji hawaongei lugha moja. Filta ileile ya stopu 3 huyu anaiandika ND8, yule anaiandika 0.9. Ya kwanza inakuambia mwanga umegawanywa mara 8. Ya pili ni kipimo cha uzito wa giza, ambapo kila stopu ni 0.3. Ukikuta 1.8, gawanya kwa 0.3 upate stopu 6, ambayo ndiyo ND64 ya mwenzake. Ukikuta 3.0, hiyo ni ND1000, stopu 10. Nimeona mtu akiagiza 0.6 akidhani ni stopu 6; alipata 2, na maporomoko yake yakabaki ya matone.

Wanaopiga video wanaihitaji hata kuliko sisi. Kwa kawaida ya fani, fremu 25 kwa sekunde huendana na shata, yaani mlango wa mwanga, kufunguka kwa sehemu 1 ya 50 ya sekunde, ili mwendo uonekane laini. Kwenye jua kali, kwa ISO 100 (usikivu mdogo wa kihisi) na tundu lililo wazi la f/2.8, kamera inataka kama 1 ya 3200. Kushuka hadi 50 ni stopu 6, na hakuna pa kuzitoa ila kwenye kioo.

Kuna programu zinazochukua picha nyingi za mfululizo na kuzichanganya zifanane na pigo moja refu. Kwa maji zinafaa, kusema kweli. Kwa taa za magari usiku, nafasi ndogo kati ya picha na picha huacha mistari iliyokatikakatika, na hapo ujanja unajulikana.

Ukiwa na kioo kizito, kamera inaweza kushindwa kulenga, kwa hiyo panga picha na lenga kwanza, zima ulengaji wa kujiendesha, ndipo ufunge filta bila kuigusa pete ya fokasi. Kamera ikiwa na kitundu cha kuchungulia cha kioo, kizibe. Mwanga unaopenya kwa nyuma huacha madoa. Nguo nyeusi zikitoka na rangi ya kahawia, filta yako inazuia mwanga unaoonekana lakini inaipitisha mionzi ya infraredi, kasoro ya kawaida ya vioo vya bei nafuu. Zile za kuzungusha, zinazoahidi stopu 2 hadi 8 katika kioo kimoja, ni polaraiza mbili zilizopandanishwa. Ni raha kwa video, ila ukizikaza mwisho kwenye lenzi pana utapata msalaba mweusi katikati ya picha.

Na tafadhali, ND1000 si ya kulitazamia jua. Filta za kupigia jua hupunguza mwanga kama mara 100,000 na huzuia infraredi pia. Jicho kwenye kitundu cha kuchungulia, nyuma ya lenzi ndefu yenye ND ya kawaida, linaungua bila hata kuhisi maumivu.

Zilizobaki

Filta ya nusu giza nusu wazi, ya kutuliza anga bila kuigusa ardhi, nimeshaiacha nyumbani. Inapendeza pale upeo wa macho ulipo mstari mnyoofu, yaani baharini, lakini weka mti au mlima mbele na kilele chake kinachovya kwenye wino. Vihisi vya siku hizi hubeba tofauti kubwa ya mwanga, na panapozidi unapiga mara mbili, moja ya anga na moja ya chini, unaziunganisha. Le Gray angecheka.

Filta za ukungu, zinazofanya taa zitoe mwanga laini pembeni, ziko katikati. Kompyuta huziiga vizuri kiasi, mpaka unapofika kwenye taa iliyoungua ikawa nyeupe tupu. Kioo kiliusambaza mwanga wa taa ile ukiwa bado una nguvu yake yote. Kompyuta imekuta nyeupe isiyojua ilikuwa kali kiasi gani.

Ukiamua kununua, tazama namba iliyo mbele ya lenzi baada ya alama ya duara lenye mstari: 58, 67, 77 na kadhalika. Hicho ni kipenyo cha pete kwa milimita. Usikichanganye na urefu wa fokasi, yaani kiasi lenzi inavyovuta vitu karibu, ambao nao huandikwa kwa milimita. Nunua kwa kipimo cha lenzi yako kubwa kuliko zote, na kwa zile ndogo tumia pete za kupandishia. Pete ikinasa, usiibane kwa nguvu, maana ukiibana inakuwa yai na inazidi kukwama. Izungushie mpira mpana, ushike kwa wepesi, geuza.

Siku moja polaraiza ilininasia hivyo, mpira sina, na mvua ikakatika. Upinde wa mvua ukasimama mbele yangu kutoka ardhi hadi ardhi. Nikainua kamera, nikaona kilele hakipo: miguu miwili ya rangi na katikati anga tupu. Mwanga wa upinde umepangika kufuata mkunjo wake, umelala kileleni na kusimama miguuni, kwa hiyo kioo kilichoukubali mguu kilikikataa kichwa. Nikazungusha pete nyuzi 90, kilele kikarudi na miguu ikapotea. Nilikwenda na kurudi hivyo mara kadhaa huku rangi zikififia, mwishowe nikachagua miguu.